Bibi Harusi Haonji Keki Yake

Sahani ilipotua mezani, Suan Kim alijua ametukanwa.

Hakuna aliyemwambia neno baya. Mtu mwingine angeiona kama sahani yoyote ya pale kwenye vibanda vya chakula vya mtaa wa Jelutong: tambi pana za mchele zilizokaangwa kwa moto mkali, kamba watatu, chipukizi za choroko, na yai juu yake. Suan Kim akazichambua kwa vijiti vyake, akasukuma tambi huku, akasukuma kule, akainua hadi majani ya kitunguu. Hakukuwa na kombe hata moja. Na yai lilikuwa la kuku.

Kwa asiyejua, kombe ni kombe tu, vidude vya matopeni vya kubanduliwa kwenye gamba. Lakini tangu Suan Kim awe na Teik Hoe, kijana mwenye kibanda hiki, mwaka wa pili huo, sahani yake haikupata kutoka karaini bila kombe za kujaa kiganja, zilizotiwa mwisho kabisa ili zibaki na maji yake, pamoja na yai la bata ambalo Hoe alikuwa akilificha chini ya meza tangu asubuhi asije akaliuza kwa mwingine. Hoe hakuwa mtu wa barua wala maua. Maneno matamu yalimshinda. Akijaribu, anaanza kukohoa. Kombe ndizo zilizokuwa zikimsemea.

"Kumbe leo mimi mteja," Suan Kim akasema, akaviweka vijiti chini.

Puspa na Mui Kheng wakatazamana. Hao walikuwa marafiki zake wa chanda na pete. Wote watatu walikaa benchi moja kiwandani Bayan Lepas, macho kwenye hadubini kutwa nzima, wakiunga nyaya nyembamba kuliko unywele. Kwa zamu za kiwanda kile, Jumapili ya kupumzika wote pamoja ilikuwa haba, na ikipatikana hawakuwa na mchezo nayo. Walikuwa wanakula. Asubuhi hiyo walikuwa wameanza na matunda yaliyochanganywa na mchuzi mzito mweusi, wakapitia barafu ya kusaga yenye tui na sukari ya mnazi, Puspa akarudia bakuli la pili huku akiapa kwamba kesho anaanza kujinyima. Na ni Puspa huyo huyo aliyesema tambi wakale kwa Hoe. Suan Kim alikataa, akakataa tena, halafu akawatangulia njia. Blauzi aliyovaa ilikuwa mpya, lakini ole wake ambaye angethubutu kuitaja.

"Pengine zimeisha," Mui Kheng akajaribu kumtuliza.

Hazikuwa zimeisha. Kwenye meza ya jirani mzee mmoja alikuwa akizila moja moja, amefumba macho kwa raha zake. Suan Kim akamtazama yule mzee kana kwamba amemwibia.

Chanzo cha Hoe na Suan Kim kununiana kilikuwa mama wa msichana. Mwezi ulikuwa umepita tangu Hoe avae shati jeupe, anunue machungwa, aende nyumbani kwa kina Suan Kim kuongea mambo ya kiutu uzima. Mama Suan hakumpigia kelele. Alimkaribisha kiti, akashusha picha ya marehemu mumewe ukutani, akaiweka mezani mbele yake. Akamwambia kwamba huyo naye alikuwa na kibanda, akiuza uji wa samaki, na moshi wa mkaa ulimla kifua mpaka akamaliza safari yake akihema kama mtu aliyepanda mlima. Na mkewe alikuwa nyuma yake miaka yote hiyo akiosha mabakuli ya watu. Akasema binti yake hataosha bakuli la mtu. Hoe alisikiliza yote, akainama, akavaa viatu, akarudi kwenye karai lake. Hakurudi tena.

Suan Kim alimngoja. Jumapili ya kwanza alikaa dirishani. Ya pili alikaa dirishani akijidai anashona. Baada ya hapo hasira zikampanda kichwani, na Shangazi Swee, dada wa marehemu baba, akapata upenyo. Shangazi Swee kazi yake duniani ni kuozesha watu, na mfukoni alikuwa na Eng Seng, mtoto wa wenye duka la simiti na rangi. Kijana hakuwa mbaya. Alikuwa mpole, ana gari, tena anajua kufungua mlango wa gari. Suan Kim akatoka naye kula chakula cha jioni, akatoka naye tena, na mara zote mbili akahakikisha gari linapita mbele ya vibanda vya Jelutong polepole. Ndiyo, alifanya makusudi. Ukiwa na hasira za aina ile unafanya mambo ya kijinga, halafu unashangaa yanapozaa.

Puspa akaona mambo yanaharibika, akaona dawa ni kitu kitamu. Akamwambia Mui Kheng atoe keki.

Mui Kheng akafungua kopo lake la biskuti. Keki hizo alizichukua asubuhi kwenye kabati la bibi yake, bibi mwenyewe akiwa hekaluni, na alikuwa na mpango wa kuomba msamaha zikishaliwa. Zilikuwa za mviringo, ngozi yake nyembamba ya kumomonyoka, ndani zimejazwa choroko tamu, na kila moja imegongwa muhuri mwekundu katikati. Puspa akatia moja mdomoni, akafumba macho. Suan Kim naye akachukua moja bila kuitazama, maana macho yake yalikuwa kwa Hoe, aliyewapa mgongo na kupigapiga karai kwa mwiko wa chuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Keki ilikuwa imeshafika midomoni pale mkono wenye maji ulipomshika kiganja.

Alikuwa Mama Hoe, mama wa kijana, anayekusanya sahani na kuosha pale kibandani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, na Suan Kim hakuwahi kumwona akimgusa mteja.

"Bibi harusi haonji keki yake, mwanangu," Mama Hoe akasema kwa sauti ya chini. "Utaila bahati yako mwenyewe."

Puspa akacheka, makombo yakamruka. Akauliza bibi harusi gani tena, mbona wao hawajaalikwa. Mama Hoe hakucheka. Alimtazama Suan Kim kwa macho yaliyochoka, si ya chuki, na hilo lilimuuma Suan Kim kuliko chuki yenyewe.

"Nimeshakuwa mtu mzima, usinichezee," Mama Hoe akasema. "Mama yako alikuja kwangu jana na boksi jekundu. Keki hizi hizi, muhuri huu huu. Nimepokea kwa mikono miwili kwa sababu kitu kile hakikataliwi. Lakini kuja kuzilia hapa, mbele ya mwanangu, hilo sikulitegemea kwako."

Akaokota sahani za meza ya jirani, akaenda zake.

Puspa akaacha kutafuna. Mui Kheng alikuwa ameiva uso mzima kwa aibu. Akaanza kujieleza, kwamba bibi yake kila kitu anachopewa hukitoa kwenye boksi na kukitia kwenye kopo kwa ajili ya sisimizi, kwamba jana yeye alitoka zamu akalala moja kwa moja, kwamba bibi alisema tu Mama Suan alipita kusalimia. Alizidi kueleza na Suan Kim hakuwa akimsikia.

Alikuwa akikumbuka mlango wa chumba cha mama. Jana aliporudi kutoka kazini aliukuta umefungwa, na mama akasema kichwa kinamgonga, asisumbuliwe. Shangazi Swee alikuwa jikoni siku hiyo bila sababu, amevaa nguo za kutokea. Basi upande wa Eng Seng walikuwa wameshakuja. Waliichagua siku nzuri, wakaichagua saa ambayo yeye alikuwa ameinamia hadubini, wakaleta mahari na maboksi ya keki za posa, na mama akapokea. Na hakungoja hata kumwambia, akatoka na maboksi mlango kwa mlango, kwa sababu keki ikishafika midomoni mwa watu, neno limeshatoka, na hakuna wa kulirudisha.

Na nyumba ya kwanza aliyoipelekea, bila shaka, ilikuwa ya kina Hoe.

Hapo ndipo likamjia la kuaibisha zaidi, naye hakuwa na wa kumlaumu isipokuwa yeye mwenyewe. Jioni moja, siku kadhaa nyuma, alikuwa akipiga pasi, mama akaketi pembeni akamwuliza, bila kumtazama, "Na yule kijana wa simiti, unamwonaje?" Suan Kim alikuwa na hasira na Hoe siku hiyo mpaka hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Akanyamaza. Akaendelea kupiga pasi. Mama akangoja kidogo, akanyanyuka. Katika nyumba zao, msichana akiulizwa habari za mume akanyamaza, amejibu ndiyo. Kila mtu anajua hivyo. Suan Kim alijua hivyo. Alidhani tu ni mambo ya akina bibi, yalizikwa nao.

Akasimama. Puspa akamshika sketi, akamwambia akae kwanza, avute pumzi, asifanye kitu mbele za watu. Suan Kim akaipokonya sketi yake.

Mbele ya karai palikuwa na foleni ya Jumapili, watu na watoto wao, wengine wamekuja na vyombo vya kubebea. Suan Kim akapita kando yao hadi upande wa moto. Joto likampiga usoni. Hoe alikuwa amejifunga taulo shingoni, mkono mmoja mwikoni, mwingine ukipepea mkaa, na hakuinua kichwa.

"Kombe zangu ziko wapi?" akamwuliza.

Si hilo alilokuwa amekwenda kusema, lakini ndilo lililotangulia kutoka.

"Wewe umekuja na chakula chako," Hoe akajibu, akaelekeza kidevu kwenye lile kopo. "Sikujua kama unahitaji na changu."

"Ulijua tangu jana."

"Mtaa mzima unajua tangu jana."

"Na ukakaa kimya."

"Ulitaka niseme nini, Suan? Hongera?" Akapindua tambi. Zikalia karaini. "Nilidhani una aibu kidogo. Nilidhani utakula keki zako huko huko kwenye gari. Kumbe mpaka uje uniwekee mezani."

Damu ikamchemka Suan Kim. Akamwambia kwamba yeye zile keki kazijua sasa hivi, tena kazijua kwa mama yake Hoe, na kwamba hakukubali mahari ya mtu wala hakuulizwa siku ya kuletwa. Watu wa foleni walikuwa wametega masikio wote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea mbele, na si kwa ajili ya tambi.

"Mama yako alimwambia mama yangu kwamba uliulizwa ukakubali," Hoe akasema.

"Sikukubali."

"Ulijibuje?"

Suan Kim akautazama mkaa.

"Nauliza. Alipokuuliza, ulijibuje?"

"Sikujibu kitu."

Hoe akaacha kupepea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni, na macho yale Suan Kim alikuwa ameyakosa mwezi mzima, meusi, mekundu pembeni kwa moshi, akaona yamejaa maumivu mpaka akatamani kumshika uso palepale mbele ya foleni nzima. Lakini hasira haikumpa nafasi, wala Hoe hakumpa.

"Basi ulikubali," Hoe akasema. "Hata mimi ningeelewa hivyo."

"Na wewe?" Suan Kim akamsogelea. "Mama alipokuwekea picha ya baba mbele yako akakwambia uende, wewe ulijibuje?"

Hoe akajifuta shingo kwa taulo.

"Nauliza. Ulijibuje?"

"Sikujibu kitu."

"Basi wewe ndiye uliyekubali kwanza. Mimi nimefuata nyayo zako tu."

Yule mama mwenye mtoto akaguna. Hoe akaushika mwiko kama mtu anayetaka kuuvunja. Akasema kwamba mama yake Suan hakumtukana. Angemtukana angekuwa na la kujibu. Alimwonyesha mtu aliyekufa kwa kazi hii hii, na mkaa huu huu, na akamwuliza kama anataka kumletea binti yake maisha hayo. Ukiulizwa hivyo, na kila alfajiri unakohoa moshi wa jana, unajibu nini? Kwamba wewe mapafu yako ni ya chuma? Alirudi kufikiri, akasema. Alikuwa bado anafikiri gari la simiti lilipoanza kupita.

"Sikukuhitaji ufikiri," Suan Kim akasema. "Nilihitaji uje. Nilikaa dirishani nikikungoja. Ungezima huu moto siku moja, Hoe, siku moja tu, ukaja kusimama mlangoni kwetu hata kama ni kwa kukohoa. Mvua ikinyesha unakaanga. Ukiwa na homa unakaanga. Mimi ninaozwa, nawe unakaanga."

"Nikizima moto, mama anakula nini?"

"Kijana," yule mzee wa kombe akaita kutoka mezani kwake, "tambi zinaungua."

Na kweli zilikuwa zinaungua. Moshi mweusi ulipanda karaini, na harufu ikawafika hadi watu wa mwisho wa foleni. Hapo Jelutong hakuna aliyewahi kumwona Teik Hoe akiunguza sahani. Hoe akainamia karai, akaanza kukwangua kwa nguvu, na Suan Kim alipoona amempa mgongo tena, akarudi nyuma hatua moja.

"Endelea," akamwambia. "Usije ukapoteza wateja kwa ajili yangu."

Akarudi mezani, akalichukua kopo la keki, akalifunga, akalibana kwapani. Mui Kheng akaanza kusema kwamba zile ni za bibi yake, kisha akaona heri anyamaze. Wakamfuata mbiombio, Puspa akiwa na viatu mkononi maana kimoja kilikuwa kimekatika kamba.

Nyumbani hapakuwa mbali. Suan Kim hakusimama njiani wala hakujibu lolote aliloambiwa. Alipofika aliwakuta mama na Shangazi Swee wamekaa mezani, mlango wa chumba uko wazi sasa, na maboksi mekundu yamepangwa hadi kwenye kiti cha marehemu baba. Walikuwa wakifunga utepe kwenye vitu vya kurudishiwa upande wa mume, kama desturi inavyotaka.

Mama alimwona, akaona kopo, akajua. Hakushtuka. Akaendelea kufunga utepe.

"Nilitaka kukwambia leo jioni," akasema. "Tukiwa tumetulia."

Suan Kim akamwuliza kwa nini hakumwambia juzi. Shangazi Swee akadakia, akamwambia apunguze sauti, majirani wapo, tena bahati kama ile wenzake wanaisaka kwa tochi hawaioni, kijana ana duka, ana gari, ana adabu. Suan Kim akamjibu kwamba kama ni hivyo aolewe naye yeye. Shangazi akavuta utepe mwingine.

"Nilikuuliza," mama akasema. "Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa hasira, Mama. Hukutaka kujua ni hasira au ni nini. Ulipata kimya chako ukakikimbilia."

"Sasa kimeshapita. Keki zimekwisha kwenda. Nusu ya Jelutong wameshakula."

"Basi na mimi nile."

Akalifungua kopo. Shangazi Swee alikuwa wa kwanza kuelewa, akanyanyuka, akagonga goti kwenye meza. Lakini Suan Kim alikuwa ameshaing'ata keki, kipande kikubwa cha nusu nzima, na muhuri mwekundu umepasuka katikati.

"Tema," mama akasema.

Suan Kim akatafuna.

"Suan Kim, tema."

Akameza. Ilikuwa keki kavu, choroko zimegandamana, ikamkaba kooni, machozi yakamtoka, na bado akapeleka nusu ya pili mdomoni huku akimkazia macho mama yake. Puspa, aliyekuwa amebaki mlangoni, akakimbilia jikoni kuleta maji kana kwamba nyumba ni yake. Shangazi Swee alikuwa ameshika kichwa. Alikuwa akisema nuksi, nuksi, mtoto amejila mwenyewe, ataolewa na nani.

"Sasa mimi si bibi harusi wa mtu," Suan Kim akasema alipoweza kusema. "Waambie nilikula. Hawatanitaka. Na maboksi haya nitayarudisha mwenyewe, na walioshakula nitawapitia mlango kwa mlango niwaeleze, wanitukane mimi. Eng Seng nitamwendea nimwombe radhi kwa mdomo wangu, sikumtendea haki."

Mama akasimama. Alikuwa mfupi kuliko binti yake, lakini aliposimama namna ile hakuna aliyeliona hilo.

"Unajua unachokitaka?" akasema. "Nimefua mashati ya baba yako miaka ishirini. Mafuta hayatoki. Unaloweka, unasugua, unaanika, ukivaa unanuka kibanda."

"Najua, Mama. Nilikuwa nikiyasuuza mimi."

"Hujui. Siku nakuzaa wewe, nilikuwa peke yangu chumba kile. Nikamtuma mtoto wa jirani akamwite. Baba yako akasema wateja wamejaa. Nikatuma tena. Akasema anakuja, amalizie sufuria. Umezaliwa, umeoshwa, umelala, ndipo akaja, na mwiko bado mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinipenda. Lakini watu wale wameoa moto, mwanangu, wewe unakuja wa pili. Na huyo wako ni wale wale. Nilimfukuza mara moja tu, akakimbilia wapi? Karaini. Sasa hivi yuko wapi?"

Suan Kim akautazama mlango. Alikuwa amesema maneno hayo hayo yeye mwenyewe muda mfupi uliopita, kwa sauti kubwa, mbele ya foleni nzima. Akakaa. Akaipokea glasi ya maji kwa Puspa na hakuinywa.

Ndipo Mui Kheng, aliyekuwa barazani, akasema polepole kwamba kuna mtu.

Teik Hoe alisimama mlangoni na taulo lake shingoni. Alikuwa amekimbia; kifua kilikuwa kikipanda na kushuka, na alianza na kikohozi, kama kawaida yake. Mikono yake miwili ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Hakumtazama Suan Kim. Alimtazama mama.

Mama naye akamtazama kuanzia chini mpaka juu, na macho yake yakakomea kwenye ile mikono.

"Karai umemwachia nani?" akauliza.

"Sijamwachia mtu."

"Mama yako?"

"Mama anaosha sahani. Hajui kukaanga."

"Jumapili, saa ya chakula, umeacha moto unawaka peke yake?"

"Nimeuzima," Hoe akasema.

Mama akamsogelea. Akakishika kiganja chake, akakigeuza, akasugua ule weusi kwa kidole gumba. Haukuwa masizi makavu ya karai. Ulikuwa majivu yaliyolowa, matope ya mkaa, yanayopatikana kwa njia moja tu, na mjane wa mwenye kibanda hakuhitaji kuelezwa. Moto wa mkaa ukiufunika, unaufufua baadaye. Ukiumwagia maji, siku imekwisha. Huwashi tena mpaka kesho.

"Umemwagia maji," mama akasema.

"Nimemwagia maji."

"Na watu wa foleni?"

"Wamenitukana."

Shangazi Swee akaanza kusema kitu kuhusu vichaa. Hakuna aliyemsikiliza. Hoe akakohoa tena, akajifuta uso kwa taulo, akazidi kujipaka weusi, na hapo Suan Kim akajikuta anataka kucheka na kulia na kumpiga kofi, vyote kwa pamoja, na akabaki ameshika glasi.

"Ile siku ulinionyesha picha sikujibu," Hoe akamwambia mama. "Nilikosea. Hili la kifua, ulilosema ni kweli, sina la kulibishia, na sitakudanganya kwamba nitaacha kukaanga. Lakini akiniita, nitauzima. Akiniita tena, nitauzima tena. Hilo naweza." Akavuta pumzi, na maneno yakamtoka kwa shida, moja moja. "Mama, naomba unipe Suan."

Mama Suan alikuwa bado ameshika kile kiganja. Akakiachia. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, wala hasira ile haikuwa imepungua hata chembe. Mtu angeweza kuapa kwamba anatafuta tusi la kutosha. Akautazama ukuta wenye picha ya mumewe, akayatazama maboksi, akamtazama binti yake mwenye makombo ya keki kwenye blauzi mpya.

Kisha akarudi mezani, akakaa, akavuta boksi jekundu karibu yake, akaanza kuufungua ule utepe aliokuwa ameufunga.

"Wifi, mjibu basi," Shangazi Swee akasema. "Kijana amekuuliza. Mwambie hapana, aende zake."

Utepe ulikuwa na fundo gumu. Mama akaliinamia, akahangaika nalo kwa kucha. Hoe alisubiri mlangoni. Shangazi akamwita wifi yake tena, kwa ukali zaidi, na Puspa, ambaye katika nyumba hiyo alikuwa mgeni tu, akaanza kutabasamu kabla ya wenyewe.

Mama alilifungua lile fundo, akaukunja utepe vizuri, akauweka pembeni, akavuta boksi la pili. Hakusema kitu.